Deni la Filamu Iliyotangulia: Ubishi wa Mashabiki wa Marvel na DC

Machi 2019 filamu ya Captain Marvel iliingiza dola bilioni 1.13 duniani kote. Novemba 2023 shujaa yuleyule, Carol Danvers, alirudi kwenye The Marvels akiigizwa tena na Brie Larson, kwa bajeti iliyopita dola milioni 200. Safari hii mauzo ya tiketi yalikomea kwenye dola milioni 206 hivi, na hakuna filamu ya Marvel Studios iliyokuwa imewahi kuingiza kidogo kiasi hicho. Ndani ya miaka isiyotimia mitano shujaa mmoja alikuwa amepoteza zaidi ya dola milioni 900.

Mashabiki hawajaacha kubishana tangu hapo, na ubishi umekuwa mkali kwa sababu wanaobishana ni watu wanaozipenda filamu hizi. Wapo wanaosema dunia imewachoka mashujaa wa kuruka angani. Wapo wanaosema zimetolewa nyingi mno kwa muda mfupi. Wengine wanailaumu studio kwa kuwaweka kando mashujaa wa zamani ili kuwapisha wanawake na vijana wasiojulikana. Wengine wanautaja mgomo wa waigizaji wa Hollywood, uliomzuia Larson na wenzake kuitangaza filamu yao na ukamalizika siku moja tu kabla haijaanza kuonyeshwa Marekani. Kila upande una chembe ya ukweli. Lakini hakuna unaoeleza kwa nini mwaka huohuo wa 2023 Guardians of the Galaxy Vol. 3 iliingiza dola milioni 845, na Spider-Man: Across the Spider-Verse, ambayo shujaa wake ni kijana mweusi wa Brooklyn, ikaingiza karibu milioni 690.

Maoni yangu ni haya: anayenunua tiketi hajaiona filamu anayoilipia. Anachokijua ni ile aliyoiona mara ya mwisho. Kwa hiyo mapato ya siku za mwanzo za filamu yoyote ya mfululizo ni hukumu ya filamu iliyotangulia, na ubora wa filamu yenyewe huja kuonekana kwenye pesa baadaye, katika ile itakayofuata. Captain Marvel ilitoka katikati ya Avengers: Infinity War na Avengers: Endgame. Infinity War ilimalizika kwa adui, Thanos, kuwapukutisha nusu ya viumbe vyote, na katika kile kipande kinachokuja baada ya majina, jasusi Nick Fury, kabla hajageuka vumbi, akawahi kutuma ishara ya kuomba msaada. Nembo iliyojitokeza kwenye kifaa kilichoanguka ilikuwa ya Captain Marvel. Nani angekaa nyumbani? Miaka minne baadaye The Marvels ilitoka baada ya Ant-Man and the Wasp: Quantumania, na baada ya Secret Invasion, mfululizo wa televisheni uliowachosha hata mashabiki wavumilivu. Filamu ya kwanza ilivuna imani iliyojengwa na wengine, na ya pili ililipa deni lililokopwa na wengine.

Anayedhani ninalitungia kanuni tukio moja amtazame Batman. Mwaka 1997 Batman & Robin ya Joel Schumacher iliwaudhi watazamaji kiasi kwamba sehemu iliyopangwa kufuata ilifutwa, na Batman akakaa miaka 8 bila kuonekana katika filamu nyingine ya waigizaji. Christopher Nolan alipomrudisha mwaka 2005 kwa Batman Begins, alileta filamu nzuri, yenye hofu ya kweli na mji unaoonekana kuwa na watu ndani yake. Iliingiza takriban dola milioni 370 tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Watu waliiona polepole, wakaiazima, wakaelezana. Mwaka 2008 ikaja The Dark Knight, ikavuka dola bilioni moja, na Heath Ledger akatunukiwa Oscar akiwa tayari kaburini. Husemwa kwamba The Dark Knight ilifanikiwa kwa sababu ya Joker wa Ledger, na kwa kweli sijaona adui aliyeigizwa vizuri kuliko yule. Lakini foleni za siku ya kwanza zilitengenezwa miaka mitatu kabla, na filamu iliyolipwa kidogo kuliko ilivyostahili.

Kanuni hiyo hufanya kazi pia kwa upande wa hasara. Batman v Superman ya Zack Snyder, mwaka 2016, ilianza kwa kishindo cha dola milioni 166 Marekani katika wikiendi ya kwanza, maana watu walikuwa wamesubiri maisha yao yote kuwaona wawili hao uso kwa uso. Wiki iliyofuata mapato yakaporomoka kwa karibu asilimia 70. Jumla yake, dola milioni 874, haikuonekana mbaya kwenye karatasi. Bili ililetwa mwaka uliofuata: Justice League, ambayo kwa haki ilipaswa kuwa sherehe kubwa kuliko zote za DC, ikaambulia kama milioni 660 na kuacha hasara.

Inafaa kukaa kidogo kwenye Justice League, kwa sababu hapo ndipo mashabiki walipogundua kwamba wana sauti. Snyder alijiondoa kazini baada ya kufiwa na binti yake, na Joss Whedon akaletwa kuimalizia. Filamu iliyotoka ilikuwa na watu wawili ndani yake wasiosikilizana. Zikafuata zaidi ya miaka mitatu ya kampeni ya kudai toleo la Snyder, na Machi 2021 Warner Bros. ikalitoa kwenye HBO Max, saa nne nzima. Ni kazi bora kuliko ile ya 2017, sina shaka. Cyborg, shujaa aliyekuwa amepunguzwa akabaki kivuli, alirudishiwa baba yake, ajali yake na huzuni yake, na filamu ikapata moyo. Hata hivyo haikuzaa kitu. Studio ilifuata njia nyingine, na mwishoni mwa 2022 James Gunn na Peter Safran wakakabidhiwa DC waanze upya. Waliopiga kelele na wanaonunua tiketi ni makundi mawili tofauti: la kwanza linajua jina la kila muongozaji na kila mhariri, la pili linauliza tu kama ile ya juzi ilikuwa nzuri. Studio inayopima afya yake kwa kelele za kundi la kwanza inajidanganya, iwe kelele zenyewe ni za sifa au za matusi.

Marvel wao walianzaje kujenga imani hiyo? Walianza wakiwa maskini. Kampuni ilifilisika mwaka 1996, na katika miaka hiyo ya tisini iligawa haki za sinema za mashujaa wake wakubwa: X-Men wakaenda Fox, Spider-Man akaenda Sony. Mwaka 2005 ikakopa dola milioni 525 kwa Merrill Lynch, ikiweka rehani haki za mashujaa wengine, ili ijitengenezee filamu yenyewe. Ya kwanza ilikuwa Iron Man, iliyotoka mwaka 2008. Itazame leo uone jinsi isivyo na haraka. Tony Stark, tajiri mwenye kiwanda cha silaha, amefungwa pangoni Afghanistan, kifuani ana vipande vya bomu lililotengenezwa na kampuni yake mwenyewe. Anayemweka hai ni daktari mwenzake wa kifungoni, Yinsen, na wawili hao wanafua chuma, wanacheza mchezo wa ubao, wanazungumza kuhusu familia. Yinsen anakufa ili Stark atoke. Tunapoona lile vazi zito la chuma likipasua mlango wa pango, tunajua limegharimu nini. Baada ya majina ikaja sekunde chache za Nick Fury akidokeza kwamba wapo wengine, basi. Filamu ilikuwa imekwisha. Dokezo lilikuwa bakshishi.

Kwa miaka 11, hadi 2019, studio hiyo ilitoa filamu 23. Si zote zilikuwa nzuri, na anayesema Thor: The Dark World ni filamu nzuri sitakaa naye meza moja. Lakini iliyokuwa dhaifu ilifuatwa upesi na iliyokuwa imara, na akiba haikuisha. Endgame ikaja kuitumia yote: dola bilioni 2.8, saa tatu za kuaga. Watoto waliokulia kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam na Nairobi walijua tangu zamani kwamba steringi hafi. Tony Stark alikufa mbele yao, na watu wazima wakatoka ukumbini wakifuta macho.

Kisha studio ikafanya kitu ambacho hadi leo kinaniuma. Novemba 2019 Disney ilizindua Disney+, na jukwaa hilo lilihitaji kulishwa kila wiki. Kati ya 2021 na 2022 Marvel ilitoa filamu 7 na mifululizo 8 ya televisheni, bila kuhesabu vipindi maalumu. Anayetaka kuielewa The Marvels sawasawa ilimpasa awe ameiona Captain Marvel, kisha WandaVision ili amjue Monica Rambeau, kisha Ms. Marvel ili amjue Kamala Khan. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, alikuja kukiri hadharani kwamba wingi ule ulipunguza umakini, na mwaka 2024 akatangaza kupunguza uzalishaji hadi filamu mbili au tatu kwa mwaka. Nyuma ya pazia wasanii wa picha za kompyuta walikuwa wanalalamikia muda mfupi na mabadiliko ya dakika za mwisho. Septemba 2023 wale walioajiriwa na Marvel moja kwa moja walipiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi, na hakuna hata mmoja aliyekataa. Mashabiki wengi waliocheka picha mbovu za mfululizo wa She-Hulk hawakujua kwamba walikuwa wanacheka uchovu wa watu.

Nina kipimo changu cha filamu hizi, nimekitoa nyumbani. Nchini Kenya DJ Afro, nchini Tanzania Lufufu, nchini Uganda maVJ wa kila mtaa, walijenga sanaa nzima ya kuzungumza juu ya filamu wakati inaonyeshwa, ili mtazamaji asiyejua Kiingereza aifuate hadithi. Mtafsiri hana muda. Ana nafasi kati ya risasi na risasi, anasema sentensi moja, hadithi inaendelea. Aliyeingia kibandani katikati ya Commando alihitaji kuambiwa jambo moja tu: binti wa huyu bwana ametekwa. Iron Man inapita kipimo hicho: tajiri wa silaha amepigwa na silaha zake. Black Panther inapita: mfalme amedaiwa kiti na binamu ambaye familia ilimtupa. Sasa mfikirie mtafsiri akikabidhiwa Doctor Strange in the Multiverse of Madness, ambamo adui, Wanda, anawatafuta watoto aliowaumba mwenyewe katika mfululizo wa televisheni ambao mtu pale kibandani huenda hajawahi kuusikia. Atasema nini? Akianza kueleza, pambano limekwisha. Filamu isiyoweza kujieleza kwa sentensi moja kwa mgeni aliyechelewa inawategemea waliokwisha kuamini, na waumini wakipungua haina pa kushika.

Nitoe mfano wa filamu inayosimama peke yake. Katika Spider-Man 2 ya Sam Raimi, ya mwaka 2004, kuna treni isiyo na breki inayokimbilia mwisho wa reli. Peter Parker anasimama mbele yake, kinyago kimemtoka, anarusha nyuzi kwenye majengo ya kulia na kushoto na kuzishikilia. Vazi linachanika, mishipa ya shingo inamtoka, anapiga ukelele. Treni inasimama ukingoni kabisa. Anazimia na kuanza kuanguka, na mikono ya abiria inatoka kwenye kioo kilichovunjika na kumdaka. Wanampitisha juu ya vichwa vyao, wanamlaza sakafuni, na mmoja anagundua kwamba huyu ni kijana tu, hamzidi mwanawe umri. Watoto wawili wanamrudishia kinyago na kumwahidi kwamba hawatasema. Adui anapotokea tena, abiria walewale, wasio na nguvu yoyote, wanasimama kumkinga. Hakuna anayehitaji filamu nyingine ili aelewe yanayotendeka mle ndani. Na kuna mwili unaoumia. Katika Quantumania karibu kila kitu kinatokea katika ulimwengu wa kompyuta usio na barabara, duka wala abiria; watu wanapigana kwa dakika nyingi na sikumbuki mmoja aliyetokwa jasho. Katika wikiendi yake ya pili Marekani mapato yalianguka kwa karibu asilimia 70, na miezi mitatu baadaye Guardians Vol. 3 ikaanza chini kuliko sehemu ya pili ilivyoanza mwaka 2017. Guardians haikuwa na kosa. Ilijikomboa wiki zilizofuata, watu walipoambiana kwamba hii ina hadithi, na kwamba hadithi hiyo inafika mwisho.

Habari hiyo ya hadithi kufika mwisho ndiyo kiini cha mgogoro, nadhani. Tangu Marvel ilipofungua mlango wa malimwengu sambamba, ambamo kila mtu ana nakala yake mahali fulani, kifo kimepoteza uzito. Mwaka 2017 James Mangold alimuua Wolverine katika Logan, filamu ya mzee mgonjwa anayemlinda mtoto njiani kuelekea mpakani. Ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 100, ikaingiza milioni 619, na ikateuliwa kuwania Oscar ya uandishi, heshima ambayo filamu ya waigizaji ya mashujaa wa katuni ilikuwa haijaipata. Kaburi lake, rundo la mawe lenye msalaba uliolazwa ukawa herufi X, lilikuwa mahali pa heshima. Mwaka 2024 Deadpool & Wolverine ikaanza na Deadpool akilifukua kaburi hilo na kuwapiga maadui kwa mifupa iliyomo. Ukumbi ulicheka, na filamu ikaingiza dola bilioni 1.3.

Hapa anayebishana nami ana haki ya kunisimamisha. Kama imani hupotea hivyo, mbona filamu iliyotoka miezi minane tu baada ya The Marvels ilivunja rekodi? Na mbona Thunderbolts*, iliyotoka Mei 2025 na kusifiwa na wakosoaji na watazamaji pia, iliishia dola milioni 382, isitoshe kurudisha gharama?

Jibu la kwanza ni kwamba Deadpool & Wolverine ilitumia akiba ya mtu mwingine. Hugh Jackman alikuwa Wolverine wa Fox tangu mwaka 2000. Deadpool naye alikuwa na filamu mbili za Fox zilizopendwa. Wesley Snipes alirudi kama Blade, shujaa aliyefungua njia mwaka 1998 kabla ya wote hawa. Imani iliyotumika pale ilijengwa nje ya Marvel Studios, na haikuguswa na makosa ya 2021 hadi 2023. Jibu la pili, kuhusu Thunderbolts*, linaniuma zaidi kwa sababu ni filamu ninayoipenda. Mwishoni mwake adui hashindwi kwa ngumi. Bob, kijana aliyepewa nguvu zisizo na kifani huku ndani anazama katika huzuni, anaanza kukipiga kile kivuli chake cheusi, na kila anavyokipiga kinamla mwili. Yelena anamkumbatia, kisha wenzake mmoja mmoja wanamshika, hadi anaacha kupiga. Florence Pugh, anayemwigiza Yelena, anaibeba picha hiyo kwa uso mtupu, bila madoido. Ni filamu iliyostahili watu wengi. Miezi mitatu kabla yake ilikuwa imetoka Captain America: Brave New World, filamu iliyorekebishwa mara nyingi hadi ikakosa ladha, na watu wakahitimisha kwamba mambo ni yaleyale. Thunderbolts* ni Batman Begins ya kizazi hiki: imelipwa kidogo kwa makosa yasiyo yake. Swali ni kama studio itakuwa na subira ya kuipa ya pili.

Kuna upande wa ubishi huu unaozungumza siasa, nao nitaugusa kwa ufupi, kwa sababu mengi yanayosemwa pale ni chuki. Mapema mwaka 2019, kabla Captain Marvel haijatoka, watu ambao hawakuwa wameiona walijazana Rotten Tomatoes kuipaka matope, hadi tovuti hiyo ikaondoa sehemu ya maoni ya kabla ya filamu. Filamu ikaingiza bilioni yake hata hivyo. Kama mwanamke kuwa steringi kungetosha kuua filamu, ingekufa pale.

Na Black Panther ingekufa kabla yake. Ryan Coogler aliitoa Februari 2018, waigizaji wake karibu wote weusi, lugha ya Wakanda ikiwa Kixhosa, na ikaingiza dola bilioni 1.35, ikateuliwa kuwania Oscar 7, ikiwemo ya filamu bora, na kutwaa 3. Mji wa Kisumu, alikotoka baba yake mwigizaji Lupita Nyong'o, Profesa Anyang' Nyong'o, aliyekuwa gavana wakati huo, ulifanya uzinduzi wake wenyewe, watu wakaja na vitenge na shanga. Ndani ya filamu yenyewe Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alisimama mbele na mkuki. Ubishi wa kwetu ulikuwa wa aina nyingine na ulikuwa na uzito kuliko ule wa Marekani: kama inafaa kuchanganya blanketi za Wabasotho, kofia za Wazulu na wekundu wa Wamasai katika nchi moja ya kubuni, na kama lafudhi ile ilikuwa ya Mwafrika yeyote aliye hai. Mimi nilikuwa upande wa waliosema inafaa, kwa sababu Ruth Carter, aliyebuni mavazi, alianza kwa kuchunguza vitu halisi kabla ya kuvichanganya. Chadwick Boseman, aliyemwigiza mfalme T'Challa, alipofariki Agosti 2020 akiwa na miaka 43, mashabiki waligawanyika tena. Wapo waliodai T'Challa apewe mwigizaji mwingine, wakisema mhusika ni mkubwa kuliko mtu na watoto weusi wanamhitaji. Coogler aliamua mhusika afe pamoja na mwigizaji. Wakanda Forever inafunguliwa na mazishi, watu wamevaa nyeupe, wanacheza na kuimba huku jeneza likipita, na mtu yeyote aliyewahi kuzika huku kwetu anajua kwamba ile ngoma haipunguzi msiba. Angalau mara hii, kifo katika ulimwengu wa Marvel hakikuwa na nakala mahali pengine. Filamu ina mzigo mwingi katikati, wa kuandaa mifululizo itakayofuata, lakini saa yake ya kwanza naiweka karibu na chochote ambacho studio hiyo imewahi kutoa.

Sitaki kudai kwamba imani ndiyo kila kitu. Endgame iliingiza zaidi ya dola milioni 600 nchini China peke yake. Kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023 filamu za Marvel hazikuruhusiwa kabisa kwenye kumbi za huko, na mapato yale hayajarudi. Uviko ulifunga kumbi. Na mtu akijua kwamba filamu itafika sebuleni kwake baada ya wiki chache, huiendea ukumbini ile tu asiyoweza kuisubiri. Haya yameshusha dari kwa wote. Yanaeleza kwa nini bilioni imekuwa ngumu, lakini hayaelezi kwa nini filamu moja ipate milioni 845 na nyingine ya mwaka uleule milioni 206.

Upande wa DC, Gunn ameanza na Superman ya Julai 2025, iliyovuka dola milioni 610. Waliotarajia bilioni waliiita kushindwa. Mimi naiona kama Gunn alivyopaswa kuiona: nyuma yake kulikuwa na The Flash na Joker: Folie à Deux, zote zilizoanguka vibaya, na Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa picha kwa takriban dola milioni 90 na kufungiwa kabatini Agosti 2022 bila kuonyeshwa kwa umma. Shabiki aliyetendewa hivyo hadaiwi uaminifu. Superman huyu ana mbwa mtundu, anashindwa mara kwa mara, na anahangaika kumwokoa kindi mmoja wakati dude kubwa linabomoa mji. Ni mwanzo unaotosha, ikiwa kinachofuata kitalinda ulichojenga.

Marvel wamechagua njia ya mkato. Julai 2024 huko San Diego Robert Downey Jr. alivua kinyago jukwaani na kutangazwa kuwa Doctor Doom, baada ya mpango wa awali wa adui mkuu, Kang, kuvunjika pale Jonathan Majors alipotiwa hatiani na kufukuzwa. Ndugu wa Russo, walioongoza Endgame, wamerudishwa pia. Avengers: Doomsday imepangwa kutoka Desemba 2026 na Secret Wars Desemba 2027. Siku ya kwanza zitajaza kumbi, sina wasiwasi, kwa sababu zinachota kwenye kisima cha 2019. Mashabiki watakaozitumia kama ushahidi kwamba mambo yamerudi sawa watakuwa wanapima imani iliyojengwa na filamu nyingine.

Filamu ninayoisubiri ni X-Men mpya, ambayo Marvel inaiandaa kwa waigizaji wapya, na Jake Schreier, muongozaji wa Thunderbolts*, ndiye aliyekabidhiwa. Itakuja baada ya Doomsday na Secret Wars, kwa hiyo tiketi zake za siku ya kwanza zitatuambia watu walizionaje hizo mbili. Huenda ndani yake akawemo Storm, ambaye katika katuni mama yake ni Mkenya, na ambaye tangu mwaka 2000 sinema imemtumia kama mtu wa kuita radi na kurudi nyuma ya wenzake. Apewe mwanzo wake, mama yake, hofu yake ya kufungiwa mahali pembamba tangu alipofukiwa na kifusi akiwa mtoto, na mtu aliyeingia kibandani amechelewa aweze kuelezwa yeye ni nani kwa sentensi moja.